Sayansi ya mimea kwa mtoto wa mkekani: choroko, kifuu na nazi iliyochipua

Juzi mtoto wa dada yangu, ana miezi tisa, tulimkalisha kwenye mkeka chini ya mwembe nikamwekea jani la mpera mbele yake. Hakuligusa. Kaliangalia, kaniangalia mimi, kalirudia jani, mikono kaituliza mapajani kama mzee anayesubiri chai. Dada akasema mwoga huyu. Mi nikalichukua lile jani nikalifikicha, nikalinusa, nikajisugua nalo shavuni, nikalirudisha chini. Hapo ndo akanyoosha kidole kimoja.

Sio woga ule. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, Annie Wertz na Karen Wynn, walieleza jinsi walivyowawekea watoto wa miezi 8 mpaka 18 mimea pamoja na vitu vingine ambavyo si mimea, wakakuta kwenye mmea mtoto anachelewa kupeleka mkono. Maelezo yao yanaingia akilini, mmea unaweza kuwa na miiba au sumu na mtoto hana namna ya kujua upi ni upi, kwa hiyo anasubiri amwone mkubwa anafanyaje. Basi kabla hujatafuta mbegu wala kopo jua hilo, usipogusa wewe na yeye hagusi.

Mi nlifundisha chekechea miaka kadhaa hapa Mtwara mjini, sa hivi nauza mboga na nalea, na haya ninayoandika ndo tunayofanya uani kwetu. Kuna vidio nyingi za kina mama wa huko nje, vijungu vya rangi, vijembe vya mbao, darubini za watoto, ukiziangalia unaona bila laki mkononi huanzi. Achana nazo. Huku kwetu nyumba gani haina mnazi au mwembe au mkorosho, au basi hata ndoo iliyopasuka ina mchicha? Mimea tunayo ya kumwaga. Tatizo letu ni neno moja, "acha!" Mtoto kashika udongo, acha! Kavuta jani, acha! Kaingia kwenye ungo wa choroko, jamani nani kamwachia huyu! Mwongozo wote huu kwa kweli ni namna ya kupunguza hizo acha, na kujua zipi haziwezi kupunguzwa.

Nianze na hizo zisizopunguzwa.

ACHA ZA LAZIMA

Mbegu kavu yoyote, maharage, choroko, karanga, korosho, ni hatari ya kupaliwa kwa mtoto mdogo, na sio mdomoni tu. Wa kwangu akiwa na mwaka na nusu alipachika harage puani, mi nageuka kuzima jiko tu, nikarudi nikamkuta anapiga chafya na macho yana machozi. Nikafanya ujinga wa kuingiza kidole, likazidi kwenda ndani, na harage likipata unyevu linavimba kwa hiyo kadri unavyochelewa ndo linavyokaza. Tukakimbia zahanati, wakalitoa na kikoleo chao dakika mbili. Tangu siku ile mbegu kwangu zinahesabiwa. Tunaanza na sita, tunamaliza na sita, na zikionekana tano hakuna anayenyanyuka kwenye mkeka. Na usimchokonoe pua mwenyewe, mpeleke.

Korosho ghafi na ganda lake asiguse kabisa, yale mafuta ya kwenye ganda yanaunguza ngozi, mtu yeyote aliyebangua kienyeji anajua vidole vinavyokuwa. Mbarika, mbono na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri ni sumu ya kweli, nzuri kwa macho kweli ila sumu, na watu wanazitoboa kutengeneza shanga, usimpe. Mnyaa wa kwenye uzio una utomvu mweupe, ukiingia jichoni ni balaa. Muhogo mbichi asitafune, mingine ina sumu nyingi iitwayo sianidi na kwa macho huwezi kuitenga. Wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho mtoto asiwepo shambani, na majani yenye unga usimpe achezee.

Maji nayo. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya kufika kiganja tu, mchezo ukiisha mwaga pale pale. Udongo chota mahali ambapo kuku na paka hawajisaidii, na mikono ioshwe kwa sabuni, yake na yako. Na ambaye hajafika miezi sita haingizi mdomoni chochote zaidi ya maziwa ya mama, hata "ka-juisi ka bibo ka kuonja tu" bibi, samahani, hapana.

Basi. Ukishayashika hayo, mengine mwache.

HATUA YA 1: WA KULALA, MIEZI 0 MPAKA 6

Huyu hana kazi kubwa. Mtandikie khanga chini ya mti wenye majani mengi yanayocheza, mwembe mzuri, ukwaju mzuri zaidi maana vijani vyake ni vidogo na mwanga unapita kwa matone matone. Mnazi usimlaze chini yake, sihitaji kueleza. Kichanga anaona vizuri kitu kilicho karibu, umbali kama wa kutoka ziwani kwako mpaka usoni kwako, kwa hiyo matawi ya juu kwake mwanzoni ni weusi na weupe unaotikisika tu, na hicho ndicho anachokipenda. Akifika miezi mitatu minne utaona anafuata kivuli kwa macho. Hapo shusha tawi dogo, kiasi cha sentimita 30 usoni kwake, litikise polepole, sema "jani". Sema jani. Kaa kimya. Sema tena.

Dakika tano zinatosha. Akigeuza shingo pembeni ameshiba, usimlazimishe.

HATUA YA 2: WA KUKAA NA KUTAMBAA, MIEZI 6 MPAKA 12

Chukua ungo. Weka vitu vinne, sio kumi. Sisi huwa tunaweka jani la mpera, kumbi la nazi lililokauka, ua moja la mwangaluchi au la boga, na kitu kizito kidogo kama boga changa au embe bichi lililooshwa utomvu. Kila kimoja kina habari yake kwenye mkono, kumbi linakwaruza, ua linateleza, boga halinyanyuki. Gusa wewe kwanza, kama nilivyosema pale juu. Kisha nyamaza uone anachagua nini.

Atapeleka mdomoni. Hapo ndo wazazi wengi wanakata tamaa wanarudi kwenye mdoli wa plastiki, mi nasema mdomo ni mkono wa tatu wa mtoto wa umri huo, we hakikisha tu kila kilichomo kwenye ungo kimeoshwa, hakivunjiki vipande, hakina sumu na ni kikubwa kuliko ngumi yake, kisha mwache alambe kumbi aone halina utamu. Kulamba kumbi ni jaribio, na jibu kalipata.

Harufu usizisahau. Fikicha mchaichai, fikicha mrehani, fikicha jani la mlimao, moja asubuhi moja jioni, usichanganye kwa pamoja. Pua ya mtoto inachoka haraka kama yetu dukani kwa muuza manukato.

HATUA YA 3: CHOROKO KWENYE KIFUU

Hii ndo roho ya mambo yote, kwa mtoto wa mwaka na nusu kwenda juu. Nimeshaijaribu na maharage, kunde, mahindi, mbaazi, nimerudi kwenye choroko kwa sababu moja, ina haraka. Mtoto wa miaka miwili hawezi kusubiri wiki. Choroko ukiiloweka leo jioni kesho kutwa ina mkia.

Unahitaji kifuu, kile cha upande wenye macho. Nazi ina macho matatu, mawili magumu moja laini, lile laini litoboe na msumari, hapo una chungu chenye tundu la kutolea maji bila kwenda dukani. Ndani weka kitambaa, kipande cha khanga iliyochakaa, kinashika unyevu vizuri kuliko pamba na mizizi haing'ang'anii sana.

Jioni weka choroko sita kwenye kikombe cha maji. Kabla hujaweka, mpe azishike kavu. Asubuhi mpe kavu tatu mkono huu na za kwenye maji tatu mkono huu, usiseme kitu. Wa kwangu alizibonyeza, moja ikachubuka ganda la kijani ikabaki ile njano ndani, akanionyesha kama vile kaiharibu, akaniangalia nitamgombeza au vipi. Nikamwambia "imevua nguo". Wiki nzima kila mbegu ilikuwa inavuliwa nguo, nlipoteza choroko robo kilo, ila hakuna aliyemfundisha kwamba mbegu ina ganda, kalivua mwenyewe.

Zilizobaki panga kwenye kitambaa chenye unyevu, funika na jani la mgomba. Unyevu nlioutaja ni wa kitambaa kilichokamuliwa, sio bwawa. Mara yangu ya kwanza nlijaza maji kwa mapenzi, siku ya tatu tukafunua harufu tu, zimeoza zote. Mbegu inapumua kama sisi, ikizama kwenye maji siku kadhaa inakosa hewa inakufa. Kama uko Newala au Tandahimba juu huko ambako ndoo ya maji ina hesabu yake, maji ya kuoshea mchele yanatosha kabisa, vijiko viwili asubuhi viwili jioni.

Siku ya pili funua pamoja naye. Kuna kitu cheupe kimetoka, kama mkia wa mjusi. Huo ni mzizi, kwa kawaida mzizi ndo unatangulia kabla ya jani, maana mbegu inatafuta maji kwanza, chakula inacho ndani. Siku ya tatu au ya nne shingo inatoka imejikunja kama ndoana, inajinyoosha, inanyanyua zile nusu mbili za mbegu juu. Zile nusu mbili ndo kotiledoni, ghala la chakula. Mtoto humwambii kotiledoni, unamwambia "amebeba chakula chake", na ukiziangalia siku zinavyokwenda zinasinyaa, anakila.

Sasa tatizo. Mtoto ataing'oa aone. Atairudisha, ataing'oa tena. Nligombana na wa kwangu siku mbili mpaka nikajiuliza kwani kosa lake nini, si ndo ninachotaka afanye, atazame. Suluhisho, vifuu viwili. Kimoja chake, ang'oe, avunje, aoteshe kichwa chini, akipeleke kwa bibi. Kingine cha dirishani hakiguswi, tunakitazama tu asubuhi baada ya kunawa uso. Cha kwake kikafa, cha dirishani kikaishi, akaanza mwenyewe kukipitisha mkono bila kukigusa. Sikusema neno.

HATUA YA 4: KABATINI NA DIRISHANI

Hii ni nyongeza ya ile ya juu. Ukiwa na vifuu viwili vya choroko zilizokwisha kuchipua, kimoja weka dirishani kimoja kifungie kabatini, viwe na unyevu sawa. Baada ya siku nne vitoe uviweke pamoja sakafuni. Cha kabatini kitakuwa kimerefuka kushinda mwenzake, chembamba, chepesi, rangi ya manjano kama maziwa yaliyoharibika. Watu wazima huwa wanashangaa kuliko watoto, wanategemea cha gizani kiwe kifupi. Ukweli ni kwamba gizani mche unamalizia akiba yake yote kwenye kurefuka kutafuta mwanga, na ule ukijani, umbijani, hautengenezeki bila mwanga.

Umrudishe juani. Siku moja mbili anaanza kuwa wa kijani. Mtoto wa miaka miwili hataelewa sababu, ila atajua "alikuwa mweupe, sasa kijani", na maneno hayo mawili ya rangi utakuwa umempa bila chati ya ukutani.

Kile cha dirishani nacho kimeinama kuelekea nje, umeona? Kigeuze. Kesho yake kimeinama tena kule. Charles Darwin na mtoto wake Francis walilifanyia kazi jambo hili, mwaka 1880 wakachapisha matokeo, walikuwa wanavifunika ncha vichipukizi vya nyasi wanakuta havipindi tena, wakajua ncha ndo inayoona mwanga na habari inashuka chini. Baadaye ikajulikana ni homoni, yaani kemikali ya mmea inayobeba habari, inaitwa oksini, inajaa upande wa kivuli na upande huo unarefuka zaidi, shina likapinda. Mi mchezo wetu tunauita "kageuka". Kila asubuhi mtoto anageuza kifuu, kila asubuhi ya pili anacheka.

HATUA YA 5: CHAINIZI INAKUNYWA RANGI

Fupi. Jani moja la chainizi lenye shina jeupe, kata mwisho wake kwa kisu kikali, lichomeke kwenye glasi ya maji yenye rangi ya keki nyingi, nyekundu au bluu, liache mpaka kesho. Mishipa ya jani itakuwa imepata rangi. Likate shina ukamwonyeshe vile vitundu vyenye rangi, ndo mabomba ya maji. Glasi weka juu, na nguo za sikukuu zisiwe karibu.

HATUA YA 6: NAZI ILIYOCHIPUA

Kila nyumba yenye minazi kuna nazi moja iliyosahaulika nyuma ya choo au chini ya banda la kuku mpaka ikatoa pembe ya kijani. Usiitupe.

Mwache kwanza mtoto aibebe, au ajaribu. Mwonyeshe kichipukizi kinavyotoka kichwani, na kwenye makumbi mizizi inavyotafuta njia. Kisha mkubwa aifue kwenye kifuo, mtoto akae mbali na kifuo na panga, abaki kwenye mapaja ya mtu. Sehemu hii mi sifanyi peke yangu, namwita mjomba wake. Makumbi yakitoka mwonyeshe macho matatu, kichipukizi kimetoka kwenye lile laini, yale mawili yamefungwa hivyo hivyo. Kama mlitoboa kifuu hatua ya 3 atalijua lile jicho, wa kwangu alilitia kidole mwenyewe.

Pasua. Ndani maji yamepungua au hayapo kabisa, na katikati kuna joya, lile dude la mviringo, njano kwa mbali, laini kama sponji, tamu. Sisi wengine tumekula joya utoto mzima bila kuuliza ni nini. Joya ni mdomo wa mche, ndo linalonyonya maji na nyama ya nazi na kupeleka chakula kwa kichipukizi kule juu, ndo maana ukikuta joya limejaa nyama ya pembeni imekuwa nyembamba. Nlivyomweleza mama yangu hivi akanyamaza kidogo akasema "kumbe miaka yote tunamnyang'anya mtoto wake". Tukala hivyo hivyo.

Mwenye zaidi ya mwaka mpe kipande laini kidogo kidogo, amekaa, hakimbii. Na kama una nazi mbili zilizochipua, moja pasua, ya pili pandeni, mtoto atajua ndani ya ile iliyozikwa kuna nini.

Halafu kuna karai. Jaza maji, dumbukiza nazi yenye makumbi yake, inaelea, jiwe linazama, kifuu kinaelea mpaka kijae. Makumbi yana hewa, ndo mtumbwi wa nazi, ndivyo inavyosafiri baharini mpaka kuota ufukwe mwingine. Mtoto anataka tu kurusha maji, mwache arushe, mwaga ukimaliza.

HATUA YA 7: NJE YA UA

Kifauongo kipo njiani kote wakati wa mvua. Gusa wewe, jani likunje, shangaa kwa sauti hata kama umeshaligusa mara elfu. Kina vimiiba kwenye shina kwa hiyo elekeza kidole kwenye jani tu. Linajikunja kwa sababu maji yanahama haraka kwenye vivimbe vidogo vilivyoko chini ya vijani, na baada ya dakika kadhaa linafunguka. Kusubiri lifunguke ndo kazi ngumu kwa mtoto, chuchumaeni mkiimba.

Kishonanguo, mvalishe soksi kuukuu juu ya viatu, piteni kwenye majani ya kiangazi, rudini mhesabu zilizonasa. Mbegu haina miguu, imepanda bodaboda, na boda ni wewe. Ukitaka zaidi loweka soksi uizike juu juu kwenye kopo la udongo, itaota manyoya ya kijani.

Walioko Mikindani, Lindi mjini au Kilwa, maji yakipwa nendeni mkaangalie mikoko. Mkoko una mambo, mbegu yake inachipua ikiwa bado inaning'inia juu ya mti kwa mama yake, inakuwa kama bamia refu la kijani, ikidondoka inachoma tope au inaelea mpaka ipate mahali. Okota iliyokwisha kudondoka, mpe abebe kama fimbo. Usimkatie ya mtini.

MANENO YA KUMWAMBIA

Mzizi, shina, jani, ua, mbegu. Hayo matano yanatosha mpaka miaka mitatu, yarudie kila mara kwenye mchicha, kwenye muhogo, kwenye chochote unachopika. Mwache bibi naye ataje kwa Kimakonde au Kimwera au Kiyao, mtoto hachanganyikiwi, sisi ndo tunachanganyikiwa. Akiita kila cha kijani "jani", hata kinyonga, muitikie tu.

Usimwambie mmea unakula udongo. Najua ndo tunavyosema. Karne ya 17 yupo mtu wa huko Ubelgiji ya leo, Jan Baptist van Helmont, alipanda mti kwenye udongo alioupima kwanza, akaumwagilia miaka 5, mti ukaongezeka zaidi ya kilo 70 na udongo ukapungua gramu kama 60 tu. Yeye akadhani mti wote umetokana na maji, hapo alikosea nusu, maana mmea unachukua na hewa, ile ya kabonidayoksaidi tunayoitoa tukipumua, unaichanganya na maji kwa nguvu za jua unapata sukari. Mi namwambia wangu "jani linapika, moto wake ni jua". Akaniuliza moshi uko wapi. Sikuwa na jibu siku ile, usiku nikakumbuka kwamba kinachotoka ni oksijeni, asubuhi nikamwambia moshi wa jani ndo hewa tunayovuta, akavuta pumzi mpaka akakohoa.

LINI UFANYE NINI

Mwezi wa 10 mpaka wa 12 ni korosho, basi chezeni na bibo. Ng'oa korosho wewe mwenyewe uiweke mbali, bibo lioshe umpe anuse, abonyeze, ameze juisi kama kavuka mwaka. Mvalishe nguo ya kuchezea, doa la bibo halitoki hata useme nini. Kwa taarifa yako wewe mkubwa, tunda lenyewe la mkorosho ni ile korosho ya nje, bibo ni kikonyo tu kilichovimba, na mti wenyewe asili yake Brazil, waliuleta Wareno.

Desemba mvua zikishika toa vifuu nje, hamishia miche ardhini, na mpe mtoto kipande cha mti wa muhogo cha shibiri moja achomeke mwenyewe mchangani. Hakikosei kile, hata akikilaza kitatoa macho wiki mbili zisizidi sana.

Kuanzia mwezi wa 5 kwenye ufuta, hasa Lindi, mpelekeni akasikilize. Ufuta uliosimamishwa ukauke, vitumba vinafunguka vyenyewe kwa juu, ukiupindua juu ya turubai unasikia kama mvua ndogo. Mkalishe kwenye kona ya turubai, sio katikati, la sivyo mtakamua ufuta kwenye nywele zake.

Mwezi wa 6 mpaka wa 9 mikorosho ina maua na ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe, watu wanapuliza salfa na kusi linaipeperusha mpaka majumbani, macho yanawasha. Miezi hiyo sisi tunafunga madirisha ya upande wa shamba, tunahamia jikoni na chainizi zetu.